Kaa na chaza kati ya Watamu na Kiunga: mto utatufikia kabla ya asidi

Bahari ya Amu (mleta uzi)

Assalamu alaikum, na habari zenu wanajamvi nyote.

Siku hizi kila panapoitishwa kikao cha vikundi vya ufugaji wa kaa na chaza hapa kwetu, mgeni mwalikwa huanza na jambo lile lile: kwamba bahari inazidi kuwa na asidi na kwamba makaka (magamba) ya chaza yatakuja kuyeyuka. Jambo hilo lina ukweli wake, lakini likitangulizwa mbele ya mengine huwafanya wafugaji watazame mbali, huku hasara inayowapata leo ikipita ubavuni mwao. Hoja yangu katika uzi huu ni kwamba katika pwani ya Kenya inayoanzia Watamu hadi Kiunga, mabadiliko ya tabianchi huingia ndani ya kizimba cha mfugaji kwanza kupitia maji ya mto, kisha kupitia jua la maji kupwa, na asidi huja nyuma ya hayo mawili. Anayechagua mahali pa mradi bila kuzingatia mpangilio huo anacheza na fedha za kikundi.

Nawalenga wanaonenepesha kaa wa mikoko, yaani wale wanaomchukua kaa aliyejivua gamba karibuni, ambaye ni mkubwa kwa umbo lakini ndani amejaa maji badala ya nyama, wakamlisha tondo (konokono wa mikokoni) na mabaki ya samaki akiwa peke yake katika chumba chake hadi ajae. Nawalenga pia wanaotundika chaza wa miamba kwenye vichanja ndani ya hori (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu). Kamba nitawagusa kwa uchache, kwa kuwa tangu mabwawa ya Ngomeni yachimbwe mwishoni mwa miaka ya 1970, ufugaji wao haujawahi kuwa kazi ya watu wengi kwetu.

Maji ya bahari kuu yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja. Chaza anapohisi chumvi imeshuka mno hufunga makaka yake na kungoja, na muda wote huo hali wala hapitishi maji ya kutosha kwenye matamvua yake. Kwa siku chache anastahimili bila taabu, kwani ameumbwa kukaa mahali ambapo maji hupwa na kujaa, lakini maji matamu yakiganda horini kwa majuma kadhaa, na hasa yakiwa ya joto, akiba yake ya mwilini humalizika na makaka huachama yenyewe. Kaa mkubwa ni mvumilivu zaidi, na anaweza kuishi katika maji ambayo chumvi yake ni chini ya nusu ya ile ya bahari. Mabuu yake hayawezi. Kaa jike huliacha hori na kwenda bahari ya wazi kutaga, mayai yake huhesabiwa kwa mamilioni, na mabuu huelea huko kwa majuma mawili matatu kabla ya kurudi mikokoni wakiwa vikaa vidogo. Kwa hiyo kaa unayemnunua kwa mvuvi wa Mkanda amepitia utoto wake mahali ambapo wewe mfugaji huna mamlaka napo wala hupaoni.

Sasa tuutazame mto wenyewe. Sabaki unamwagika kaskazini ya mji wa Malindi, na tope lake haliendi upande mmoja mwaka mzima. Kusi (upepo wa kutoka kusini) ikivuma, tope husukumwa kaskazini, likapita Mambrui kuelekea Ngomeni na Ghuba ya Ungwana. Kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini) ikivuma, hugeuka kusini, likatanda mbele ya Malindi na kukaribia miamba ya Watamu. Ina maana kwamba mafuriko ya masika, ambayo huja kusi inapoanza kushika, huwaelemea zaidi watu wa Ngomeni, na mafuriko ya vuli, ambayo hupokewa na kaskazi, huwaelemea watu wa Malindi. Hori ya Mida, iliyo karibu tu na hapo, haina mto wowote unaoingia ndani yake. Maji matamu huifikia kwa kupenya chini ya ardhi. Naamini hiyo ni sababu mojawapo, ingawa haizungumzwi, iliyofanya vizimba vya kaa vya Dabaso vikadumu hadi wageni wakawa wanakwenda kula kaa pale pale juu ya hori. Sisi wa visiwa vya Lamu tuko katikati ya hali hizo mbili: Tana haumwagiki mlangoni mwetu bali Kipini, lakini mkondo wa bahari wakati wa kusi huelekea upande wetu.

Kumbukeni yaliyotokea majuzi tu. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika. Vuli ya 2023 ikaja na El Niño, tena katika mwaka ambao maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalikuwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, na hali hizo mbili zikikutana mvua zetu huzidi. Masika ya 2024 nayo hayakupumzika. Kwa mfugaji, hatari iko katika kule kufuatana: ardhi iliyokaa kavu miaka miwili bila majani ya kuishika hupigwa na mvua kubwa, na udongo wote huo hutafuta bahari. Tope likishafika, si maji matamu pekee tena. Huziba matamvua ya chaza, ambaye maisha yake yote ni kuchuja maji, na hufunika kila jiwe na kila mzizi ambao chaza mchanga angejishikiza. Mbegu ikikosa mahali safi pa kushika, mwaka unaofuata vichanja hubaki vitupu na watu husingizia wivu wa jirani.

Naomba michango, hasa kutoka kwa wenye vizimba.

Mvuvi wa Mambrui

Nakuunga mkono katika habari ya tope, kwa kuwa sisi huiona rangi ya maji kabla hatujasikia redioni kwamba Ukambani kumenyesha. Hata hivyo naomba unifafanulie jambo moja bila kuninyamazisha. Tope la Sabaki wazee wetu walilikuta. Ikiwa mlimaji wa huko juu ndiye anayelegeza udongo, na mchota mchanga ndiye anayeharibu kingo, kwa nini tuliite jambo hili tabianchi? Mimi nimeona neno hilo likitumika kama kisingizio: ofisi ikishindwa kumzuia mtu anayelima hadi ukingoni mwa mto, husema ni tabianchi, na kikao hufungwa kwa chai na mahamri.

Bahari ya Amu (mleta uzi)

Ndugu yangu wa Mambrui, huna kosa katika ulilosema, na kuna ushahidi unaokuunga mkono. Katika hifadhi ya bahari ya Malindi watafiti walichukua sampuli ya tumbawe lililokuwa limeishi takriban miaka 300, na tabaka zake zilikuwa zimehifadhi bariamu, madini yaliyoletwa na udongo wa mto mwaka baada ya mwaka. Kumbukumbu hiyo inaonyesha mmomonyoko ukipanda tangu mwanzoni mwa karne ya 20, enzi ya mkoloni, ardhi ya bara ilipoanza kulimwa na kulishwa mifugo kwa namna mpya. Hapakuwa na mtu aliyetaja tabianchi wakati huo.

Lakini jembe na mvua ni washirika. Udongo uliolegezwa hukaa pale pale hadi upate wa kuuchukua, na hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka. Mvua ile ile iliyozoea kushuka kwa mwezi hushuka kwa siku chache, na mto huchukua kwa juma moja mzigo uliokuwa wa msimu mzima. Kwa hiyo anayelima ukingoni azuiwe, na hilo ni kazi ya serikali za kaunti za juu na za chini kwa pamoja, wala hatuna haja ya kungoja mikutano ya dunia ili lifanyike. Ila hata akizuiwa leo, mfugaji wa Ngomeni bado atapaswa kupanga kazi yake akijua kwamba mafuriko yanazidi kuwa ya ghafla.

Na usisahau upande wa pili, ule wa ukame. Mto ukikosa nguvu, chumvi hupanda juu. Watu wa Ozi kwenye delta ya Tana wanajua maana ya bahari kuingia shambani. Kwenye mabwawa ya kamba, jua hufanya kazi ile ile inayofanya katika viwanda vya chumvi vya Gongoni: maji hukauka, chumvi hubaki. Anayechimba bwawa la kamba jirani na mashamba ya chumvi hana budi kujiuliza kwa nini wenye chumvi waliipenda ardhi ile. Bila kubadilisha maji mara kwa mara kwa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), chumvi ya bwawa huipita ya bahari, kamba hudumaa, na mvua ya kwanza ikishuka huishusha ghafla kwa usiku mmoja. Kamba aliyepitia hali hizo mbili huwa rahisi kushikwa na virusi vya madoa meupe, ugonjwa ambao umefilisi wafugaji wengi huko Asia.

Mfugaji wa Mida

Nimefurahi kusikia kwamba sisi wa Mida tuna bahati ya kutokuwa na mto, ila bahati hiyo mwezi wa Machi siioni. Kaa wanaolishwa vizuri tangu Januari hufika Machi wakaanza kulegea. Ukimwinua kaa mzima hukukunjia magando na kutaka kukukata, lakini hawa huyaacha yakining'inia, povu linawatoka kinywani, na asubuhi inayofuata unamkuta mmoja amekwisha kunuka. Hakuna tope, hakuna mvua, na chakula ni kile kile. Tuelezeni.

Bahari ya Amu (mleta uzi)

Hapo umeleta jambo la pili katika mpangilio wangu, na kwa kweli ndilo ninaloona limepuuzwa kuliko yote.

Fikirini saa. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hupwa tena usiku saa kama hizo. Hiyo ni kawaida ya mwezi na jua na haitabadilika. Maana yake ni kwamba kila bamvua, kile kilichoachwa wazi na maji hukaa wazi jua likipanda kuelekea utosini. Kisha tazameni kalenda. Bamvua kubwa kuliko zote za mwaka huja karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana, yaani Machi na Septemba. Septemba kusi bado ina nguvu na bahari ni ya ubaridi kiasi. Machi kaskazi imechoka, kusi haijaja, hewa imesimama, na maji ya bahari yako karibu na kilele cha joto lake la mwaka. Kwa hiyo maji yanayopwa kupita kiasi, jua la karibu na adhuhuri, upepo uliokufa na bahari yenye joto hukutana katika majuma yale yale. Huhitaji ongezeko kubwa la joto la dunia kulivusha jambo hilo kutoka taabu hadi mauti, kwa kuwa tayari liko ukingoni. Uso wa bahari duniani umepanda joto kwa karibu nyuzi 0.9 ikilinganishwa na nusu ya pili ya karne ya 19, na mawimbi ya joto la bahari yanakuja mara nyingi zaidi.

Oksijeni nayo hupungua. Maji ya bahari yenye nyuzi 20 yanaweza kushika takriban miligramu 7.4 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanashika takriban 6.2. Kaa hana joto lake mwenyewe, hivyo mwili wake hukimbia kasi kadiri maji yanavyopata joto na kudai oksijeni zaidi wakati ule ule ambapo iko kidogo. Ongezeni tondo na vichwa vya samaki vilivyobaki chini ya kizimba vikioza, kwani uozo nao hula oksijeni. Kaa wako, bwana wa Mida, wanakosa hewa katika kidimbwi cha maji moto kilichobaki kizimbani saa tano ya asubuhi, na chakula unachowapa kwa ukarimu kinachangia.

Lililotokea Marekani na Kanada mwishoni mwa Juni 2021 linafaa kutajwa hapa, si kwa sababu pwani zile zinafanana na zetu bali kwa sababu ya saa. Wimbi la joto kali lilikutana na maji yaliyopwa mchana, na mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha British Columbia alikadiria kwamba viumbe zaidi ya bilioni moja wa miambani walikufa, wakiwemo kome na chaza wengi mno. Mahali palipokuwa na kivuli vifo vilikuwa vichache. Chaza wetu wa miamba ni shupavu kuliko wa kule na amezoea joto, lakini naye pia hupenda mzizi wa mkoko ulio kivulini. Mfugaji anayefyeka mikoko ili apate nafasi ya kichanja anamvua mnyama wake mwavuli kwa mkono wake mwenyewe. Nawakumbusha kwamba zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, karibu hekta 37,000 kati ya 61,000, hivyo jambo hili ni letu kabla ya kuwa la mwingine.

Mwalimu wa Sayansi, Malindi

Mjadala ni mzuri, na sina ubishi na mto wala na Machi. Naogopa tu kwamba msomaji ataondoka akidhani kwamba cha tatu, yaani asidi, ni cha kupuuzwa. Niruhusuni niieleze asidi jinsi ninavyowaeleza wanafunzi wangu.

Bahari hunyonya takriban robo ya hewa ukaa tunayoitoa. Hewa hiyo ikiingia majini hugeuka asidi hafifu, na uso wa bahari duniani umeshuka kutoka pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi ikizidi) ya karibu 8.2 kabla ya enzi ya viwanda hadi karibu 8.1. Tarakimu inaonekana ndogo, ila kipimo hiki hakihesabu kwa kujumlisha: kushuka huko ni ongezeko la zaidi ya robo ya asidi iliyokuwepo. Bahari haijawa asidi na makaka ya chaza mzima hayatayeyuka mkononi mwa mtu, hapo mgeni mwalikwa alitia chumvi. Kinachopungua ni kaboneti, ambayo chaza huichanganya na kalsiamu ili ajenge gamba. Mkubwa anaweza kulipa gharama hiyo kwa kula zaidi. Buu hawezi. Katika siku mbili za mwanzo wa maisha yake, buu wa chaza hujenga gamba lake la kwanza kwa kutumia akiba ya yai tu, kwa kuwa bado hajaweza kula, na akikuta maji yamepungukiwa kaboneti saa hizo, nguvu humwishia kabla kazi haijakwisha.

Hili limeshaonekana. Huko Oregon nchini Marekani, kitotoleshi (mahali pa kuzalishia mbegu za chaza) cha Whiskey Creek kwenye Ghuba ya Netarts kilianza kupoteza mabuu ya chaza kwa wingi mwaka 2007. Kwanza walidhani ni bakteria, wakasafisha mitambo, na vifo vikaendelea. Baadaye, wakishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, waligundua kwamba pepo za kiangazi zilikuwa zikivuta juu maji ya kina yenye hewa ukaa nyingi, na kwamba maji hayo yakiingia matangini mabuu hayakuweza kujenga gamba. Dawa waliyoitumia itawafurahisha Wakenya: walipima maji kila wakati na kuyatia sodiamu kaboneti, ambayo ni magadi yaliyosafishwa, bidhaa ile ile inayotoka Ziwa Magadi. Kwa hiyo kitu kinachotafutwa ng'ambo kuokoa chaza, mama zetu wanakitia kwenye maharagwe.

Nasi pia tuna maji yanayopanda kutoka kina. Wakati wa kaskazi, mkondo unaotoka Somalia hushuka kusini na kukutana na ule wa Afrika Mashariki mbele ya pwani ya Lamu na Malindi, na maji ya chini hupata njia ya kuja juu. Ndiyo sababu bahari ile ina samaki. Maji hayo yana rutuba, na yana hewa ukaa pia.

Bahari ya Amu (mleta uzi)

Mwalimu, nakushukuru, na nitaongeza upande wa hori. Ndani ya mikoko, pH haikai mahali pamoja hata siku moja. Maji yakipwa, yale yanayochuruzika kutoka kwenye tope huwa na asidi zaidi kuliko bahari ilivyotabiriwa kuwa mwishoni mwa karne. Maji yakijaa, bahari husafisha. Chaza wa mizizini wamekulia katika mapigo hayo, na ndiyo maana sikuitanguliza asidi ya hewa kwao. Mabuu yao yanayoelea nje ni habari nyingine, na hapo nakubaliana nawe neno kwa neno: siku tutakapokuwa na vitotoleshi vya chaza vya kwetu, kitu cha kwanza kununuliwa kiwe cha kupimia maji, kabla ya nyumba ya meneja.

Kwa wenye mabwawa, asidi itakayowapata kwanza ni ya udongo. Tope la mikoko lina madini ya chuma na salfa ambayo yakiwa chini ya maji hayana madhara. Ukilichimba na kulianika juani kuwa tuta, hewa huligeuza kuwa asidi ya salfa, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu huiosha ikaingia bwawani. Viangazi vikirefuka na mvua zikija kwa kishindo, jambo hilo huzidi. Tiba yake ni chokaa, na hapa nawasihi tusirudie kuchoma matumbawe kwa magogo ya mikoko kama chokaa ya majumba ya Lamu ilivyokuwa ikitengenezwa. Kuna chokaa ya kilimo madukani, na makaka ya chaza yaliyosagwa yanafaa pia. Lililo bora ni kutolichimba bwawa mikokoni tangu mwanzo.

Binti Faza

Kikundi chetu ni cha akina mama na tunakusanya chaza kabla hata ya kufikiria kuwafuga. Naona mmezungumza habari ya mnyama kufa, lakini mnunuzi haulizi hilo. Hoteli wanatuuliza kama chaza wanaweza kuliwa wabichi bila mtu kuumwa, nasi hatuna la kujibu ila kuapa. Je, joto linahusika na hilo? Na kwa kaa, mjue kwamba kwetu wapo wengi wasiomla, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafi wanazuoni wengi hawamhalalishi, hivyo kaa asiponunuliwa na hoteli au msafirishaji hatuna hata njia ya kumfanya kitoweo. Hasara yetu huwa kamili.

Mwalimu wa Sayansi, Malindi

Bi Faza, linahusika sana. Chaza huchuja maji mengi na hubaki na kilichomo. Wapo bakteria wa baharini wa jamii ya Vibrio, ambao ni wenyeji wa maji ya chumvi na huongezeka kadiri maji yanavyopata joto. Mwaka 2004 watu waliugua kwa kula chaza wabichi waliotoka Alaska, mahali palipodhaniwa kuwa na ubaridi mno kwa bakteria hao, na ikaonekana kwamba maji ya mashamba yale yalikuwa yamevuka nyuzi 15 kiangazi kile. Kwetu maji hayashuki chini ya nyuzi 24 mwaka mzima, hivyo kwangu mimi jibu kwa hoteli ni moja: chaza wa maji ya joto apikwe. Baada ya mafuriko tahadhari iwe maradufu, kwa kuwa mto huleta na uchafu wa vyoo. Na kuna mwani wenye sumu, ambao sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Wazee wa Kiunga watakumbuka mapema mwaka 2002, samaki walipokufa kwa wingi kutoka pwani ya Somalia hadi kwao, na mwani wa aina hiyo ukashukiwa. Maji yakibadilika rangi na samaki wakaelea, msichume chaza hata mmoja hadi watu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi wapime.

Bahari ya Amu (mleta uzi)

Suala la Bi Faza kuhusu soko limenifanya nilete mapendekezo mapema kuliko nilivyokusudia, kwa sababu kaa asiyeliwa nyumbani hapaswi kuwa kizimbani katika miezi ya hatari. Kunenepesha huchukua majuma machache tu, na hiyo ndiyo nguvu kubwa ya kazi hii ikilinganishwa na chaza. Mfugaji wa Mida anaweza kuuza alionao kabla ya bamvua za Machi na kupumzisha vizimba hadi kusi ilete ubaridi. Mfugaji wa Ngomeni afanye kinyume: masika ndiyo miezi yake ya kupumzika, hata kama Machi imempita salama. Anayelazimika kubaki na kaa wakati wa joto apunguze chakula, alishe jioni maji yakijaa, aondoe mabaki, na asogeze vizimba hadi mahali ambapo maji hayakauki bamvua ikipwa. Na mvuvi akimleta jike mwenye mayai, tusimnunue kwa bei yoyote ile. Mbegu zetu zote zinatoka baharini, na jike huyo anabeba misimu ijayo ya kijiji kizima.

Chaza hawezi kuuzwa kwa haraka hivyo, kwa hiyo kwake mahali ni kila kitu. Kichanja kiwekwe mbali na mdomo wa mto, kivulini, na kiwe cha kushushwa na kupandishwa.

Mvuvi wa Mambrui

Nimekuelewa, na neno langu la kisingizio nalirudisha nusu, nusu nyingine nabaki nayo. Swali la mwisho. Kikundi chetu kina kile kipimo kidogo cha chumvi cha kutazamia kwa jicho, ambacho tulipewa na mradi. Wakati wa mafuriko tulipima kando ya chanja, ikatoka karibu sufuri, na tukadhani chaza wamekwisha. Tulipowafungua wengi walikuwa hai. Je, kipimo kimeharibika?

Bahari ya Amu (mleta uzi)

Huenda hakina ubaya wowote. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hivyo mafuriko yakifika hutanda juu, na chini yake maji ya bahari huweza kubaki na chumvi yake, hasa siku za maji mafu ambapo mkondo ni mdogo na tabaka hizo mbili hazichanganyiki. Mlichota maji ya juu, na chaza wenu walikuwa chini. Kwanza dondosheeni kipimo maji ya mvua na mkihakikishe kinasoma sufuri. Kisha chukueni chupa yenye kizibo, ifungieni jiwe na kamba mbili, moja ya kuishusha na moja ya kung'oa kizibo ikishafika kwenye kina cha chaza, mpime maji hayo pamoja na ya juu na kuandika yote mawili daftarini, pamoja na tarehe na kama ni bamvua au maji mafu. Ikiwa ya chini bado yana chumvi ya kutosha, shusheni kichanja na msikiguse. Bamvua ikifuata pimeni tena siku hiyo hiyo, kwani tabaka zikishachanganyika maji ya chini nayo yatashuka chumvi.